Chora Pembe, Usichore Jirani

Toleo lililopita niliandika kwamba mazimwi ya vitabu vya picha hayamdhuru mtoto, na kwamba nyumba isiyo na zimwi hata moja kitabuni imemnyima mtoto haki yake. Barua zimekuja kwa wingi, nyingine za hasira. Nimezitanguliza za hapa kwetu, Malindi na viunga vyake, kwa kuwa nimefundisha chekechea hapa mjini mpaka nikastaafu, na wengi wa walioniandikia huenda tukakutana sokoni kabla ya toleo lijalo.

Shikamoo Mwalimu. Nilinunua kitabu cha mtumba chenye picha za mtoto aliyevaa nguo za mbwa mwitu. Anasafiri kwa mashua hadi kwenye nchi ya madude yenye pembe na meno. Kijana wangu ana miaka minne. Kila jioni anakitaka hicho hicho, akifika penye madude anajifunika leso yangu, kisha anasema "tena". Baba yake anataka kitupwe. Mama mkwe anasema picha kama hizo zinaita majini nyumbani. Nifanyeje? — Mama Kijana, Maweni

Marahaba, mwanangu. Kitabu kisitupwe. Mtoto anayejifunika leso kisha akasema "tena" anafanya kazi kubwa, na anaifanya kwa kiasi anachokiweza. Akitaka kuona anafunua, akitaka kukimbia anakimbia bila kuondoka mkekani. Ni wapi kwingine mtoto wa miaka minne anapewa amri juu ya kitu kinachomtisha? Mbwa wa jirani, mtoto hawezi kumwamrisha. Giza stima ikipotea, hawezi kuliamrisha.

Kitabu ulichokieleza nakijua. Ni cha Maurice Sendak, kilitoka Marekani mwaka 1963, na mwaka uliofuata kikapewa nishani ya Caldecott, ambayo huko hupewa mchoraji wa kitabu bora cha picha cha watoto. Hofu ya mumeo si ngeni. Mwaka 1969 Bruno Bettelheim, mtu aliyesikilizwa sana Marekani kwa mambo ya malezi, alikilaumu gazetini, kumbe hakuwa amekisoma. Alikuwa amesimuliwa na akina mama. Lililomchoma ni kwamba yule mtoto, Max, anapelekwa kitandani na mama yake bila chakula cha jioni. Bettelheim angefika mwisho wa kitabu angekikuta chakula kinamngoja mtoto chumbani, na bado kina moto.

Leo jioni zitazame picha zenyewe. Mwanzoni ni ndogo, zimezungukwa na weupe mwingi. Kadiri ghadhabu ya Max inavyopanda ndivyo picha inavyotanuka, mpaka penye ile ngoma ya madude zinajaza kurasa pande zote mbili, na hapo hakuna neno hata moja. Kisha picha zinaanza kupungua tena. Ukurasa wa mwisho hauna picha kabisa, ni maneno machache tu. Mchoraji amempandisha mtoto hofuni na kumteremsha kwa mpango, na kijana wako ameuhisi mpango huo ingawa hajui kusoma. Ndiyo maana anasema "tena". Anajua atateremka salama.

Kwa hiyo kitabu kikae mapajani mwake, si mwako, na yeye ndiye afunue. Usiikaze sauti penye meno. Muulize: hili linakula nini? Linalala wapi? Nalo linaogopa nini? Mtoto mmoja darasani kwangu alijibu kwamba zimwi la kitabu chetu linaogopa sindano ya daktari, na darasa zima likalionea huruma. Kisiwe kitabu cha mwisho kabla ya taa kuzimwa. Msomee kingine cha utulivu baada yake, kisha dua zenu za kulala. Ukiona analia hata mchana, au anashtuka usingizini usiku baada ya usiku, kipandishe juu ya kabati, lakini umwambie kiko pale na siku akikitaka atapewa. Ukikificha kimyakimya ataanza kulitafuta lile dude kwingine, chini ya kitanda.

Na mama mkwe mwambie kwa heshima, pengine wakati unampelekea chai. Majini tumesoma katika Qurani kwamba yameumbwa kwa moto. Dude la kitabu limetengenezwa kwa wino na rangi na mtu aliyeketi mezani kwake. Mwombe siku moja amsomee mjukuu yeye mwenyewe. Nimewaona bibi wengi wakianza wamekunja uso, na kabla ya katikati ya kitabu wao ndio wananguruma.

Mwalimu, binti yangu ameona picha ya nguva kitabuni, mwanamke mwenye mkia wa samaki. Ananiuliza mimi mvuvi kama nimewahi kumwona. Nimwambie nini? — Baba wa Mayungu

Mwambie nguva yupo. Ni mnyama mkubwa wa baharini anayenyonyesha mtoto wake, anakula nyasi za chini ya maji na kuja juu kuvuta pumzi. Bahari ya Lamu, upande wa Kiunga, ni katika sehemu chache za Kenya ambako bado anaonekana, tena kwa nadra sana, na nyavu ni katika hatari zake kubwa. Yule mwanamke mwenye nywele ndefu ni wa hadithi. Mpe wote wawili, wa bahari na wa kitabu, na usimlazimishe achague mmoja. Na kwa kuwa wewe ni mvuvi, mwahidi kwamba nguva akiingia wavuni mwako utamwachia.

Mimi ni kijana mchoraji wa Gede. Nimepewa hadithi ya zimwi niichoree picha. Nimechora mzee mwenye mvi, macho mekundu, amepinda juu ya bakora, mkononi ana kibuyu. Mchapishaji amependa sana. Lakini nyanya yangu alipoiona aliirudisha mezani bila kusema neno, akaenda zake jikoni. Nimekosa nini?

Mwanangu, nakuomba picha hiyo usiitoe. Nakuomba kama mama.

Unaishi Kilifi kama mimi. Katika kaunti hii wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi. Mvi zimekuwa ushahidi. Macho mekundu yamekuwa ushahidi, na nani asiyejua kwamba mwanamke aliyepika kwa kuni maisha yake yote macho yake huwa mekundu kwa moshi? Kule Ganze, Kaya Godoma, wanahifadhiwa wazee waliokimbia makwao kuokoa roho zao, na mara nyingi wanaowakimbia ni damu yao wenyewe, na chini ya maneno ya uchawi kuna shamba. Sasa fikiri mtoto wa miaka mitano anayejifunza kwa picha yako zimwi lina sura gani. Anafunga kitabu, anainua macho, na anayemwona ni nyanya yake anapepeta mchele. Nyanya yako alijiona mwenyewe katika karatasi ile. Nenda kamwombe radhi leo.

Ninalipigania hili kuliko jambo jingine lolote katika safu hii. Zimwi liwe zimwi. Lisiwe na mvi za mtu, wala kibyongo cha mtu, wala mguu mfupi, wala ngozi ya mwenye ualbino. Na tuache tabia ya kulipaka weusi kupita kila mtu mwingine kitabuni, ndipo mtoto ajue kwamba ni baya. Mtoto wetu mweusi anaisoma picha hiyo kabla hajasoma herufi.

Utaniambia, mbona huyo Sendak niliyemsifu hapo juu alichora watu? Ni kweli. Amesimulia kwamba madude yake yalitokana na jamaa zake, Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Polandi. Walikuwa wakija kula kwao Jumapili, wakimfinya mashavu na kumwambia ni mzuri hata wangeweza kumla. Lakini aliwatia pembe, magamba na makucha mpaka hakuna ambaye angemjua shangazi yake pale. Tena alimpa mtoto taji awe mfalme wao. Hakuna aliyeinuka na panga kwa sababu ya picha zile. Wewe umechora kitu ambacho mtu anaweza kutoka nje na kukielekeza kidole.

Vya kuchora havijatuishia. Wagiriama, majirani zetu na pengine ndugu zako, wana Katsumbakazi. W. E. Taylor, mmisionari aliyekusanya maneno ya Kigiriama, alimwandika katika kitabu cha mwaka 1891. Ni pepo mfupi mno, na ufupi wake unamuuma. Akikutana na mtu humuuliza: umeniona wapi? Ukijibu "hapa hapa" huishi siku nyingi. Ukijua la kusema ukamwambia "nilikuona kule, mbali," anakuacha, na huenda hata ukapata bahati. Lifikirie hilo kwa jicho la mchoraji! Kurasa kubwa za vichaka na mibuyu, na yeye kajificha mahali, mdogo, ana wivu wake. Kila ukurasa anauliza, na watoto wote chumbani wanapaza sauti: kuleee! Hapo una kitabu kinachotisha na kufurahisha, na nyanya yako atakisoma kwa sauti.

Ukitaka umbo, ingia msitu wa Arabuko-Sokoke ulio nyuma ya nyumba yako. Humo yumo sange mwenye pua ndefu inayocheza kama mkonga, miguu myembamba, na kiuno cha rangi ya dhahabu. Mgeni ukimchorea atasema umembuni. Malindi hii ilipeleka twiga China mwaka 1415, na watu wa ikulu ya huko wakamwona ndiye qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao. Chukua pua ya sange, shingo ya twiga, miguu ya kaa, unganisha. Weka mdomo wa pili kisogoni kama katika ngano tulizosimuliwa sisi.

Mchapishaji akinung'unika, mwambie kwamba hata mchoraji Axel Scheffler alipomchora dude liitwalo Gruffalo kwa hadithi ya watoto ya Julia Donaldson iliyotoka mwaka 1999, michoro yake ya kwanza ilionekana inatisha mno, akailainisha. Kuchora upya ndiyo kazi yenyewe.

Dada wa kazi humwambia mtoto wetu asipokula zimwi litamchukua. Na kweli anakula! Kuna ubaya gani? — Baba wa Barani

Ubaya upo, ndugu yangu. Zimwi la kitabu lina ukurasa wa kwanza na wa mwisho. La dada halina umbo wala mwisho, liko nyuma ya mlango wakati wowote mtu mzima anapolihitaji, na mtoto anameza tonge kwa hofu. Ongea na dada kwa upole, huenda ndivyo alivyolelewa, na ana kazi nyingi. Mpe hadithi ya kusimulia wakati wa chakula, ya zimwi linalokataa mboga ikiwa lazima, na aisimulie akiwa ameketi chini na mtoto.

Ustadh wa madrasa amemkataza mwanangu kuchora madude, kasema viumbe wenye roho hawachorwi. Je, na vitabu vya picha tuviondoe? — Mzazi wa Shella

Mimi si mwanachuoni, na sitampinga ustadh wa mwanao gazetini. Wanachuoni wamehitilafiana katika mambo ya picha, na wengi wamelegeza katika vitu vya watoto. Ninachoweza kukuletea ni hadithi iliyomo katika Sunan Abu Dawud, mkusanyo wa Hadithi za Mtume. Mtume, rehema na amani zimshukie, alirudi kutoka vitani, upepo ukafunua pazia, akaona wanasesere wa Bibi Aisha. Katikati yao alikuwapo farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akauliza: farasi mwenye mbawa? Bibi Aisha akamjibu: kwani hukusikia kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Kila nikiisoma hufurahi upya kwamba kicheko hicho kimehifadhiwa. Mpelekee ustadh kwa adabu, mkae mzungumze. Akibaki na msimamo wake, mheshimu, na mtoto achore nyumba ya zimwi, mashua yake, sufuria yake, na nyayo zake mchangani.

Sisi tulisimuliwa gizani bila picha yoyote, na kila mmoja aliliona zimwi lake. Hivi vitabu vyenu vinawafumba watoto macho. — Bi Mkubwa, Mambrui

Shikamoo, mamangu. Sehemu kubwa ya unayosema nakubaliana nayo. Zimwi likishachorwa, watoto wote wa Kenya wanaona moja, na hiyo ni hasara.

Lakini nikukumbushe Nunda Mla Watu, ambaye najua ulisimuliwa. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, aliinakili hadithi hiyo Unguja akaichapisha mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine. Paka wa sultani anakula ndama, anakula mbuzi, anakula ng'ombe, na kila watu wakishtaki sultani anasema paka ni wake na mali ni yake. Paka anaingia mwituni, anakuwa Nunda, anakula watu, mpaka anakula na wana wa sultani. Ndipo yule mdogo, aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni, anatoka kwenda kumtafuta. Anaua mbwa, anamburura hadi kwa mama yake na kuuliza kwa wimbo: mama, huyu ndiye? Mama anajibu kwa wimbo: mwanangu, siye. Analeta ngawa, siye. Analeta punda milia, analeta twiga, wanyama wanazidi kuwa wakubwa, na kila mara siye.

Unaona ufundi wake? Msikilizaji anaonyeshwa wanyama wanaojulikana, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anafutwa. Nunda anakua katika nafasi iliyobaki. Mtunzi wa kitabu cha picha mwenye akili anaweza kufanya vivyo hivyo: achore mbwa, achore ngawa, achore twiga mzuri kabisa, na Nunda mwenyewe amcheleweshe hadi karibu na mwisho. Kabla ya ukurasa huo aache mmoja mtupu, mweupe, mtoto achore wake kwa penseli. Kisha afunue aone wa mchoraji, wabishane.

Nami nina ombi kwako. Usiache kusimulia gizani. Kitabu hakiwezi kuimba ule wimbo wa mama na mwanawe, na wanaoujua wote hadi mwisho wanapungua. Waite wajukuu, na kama yupo mwenye simu, akurekodi.

Nafundisha chekechea Kakoneni, watoto arobaini, vitabu vya picha havipo. Nianzie wapi? — Mwalimu mwenzako

Anzia kwenye karatasi moja, mwenzangu. Ikunje mara mbili iwe na vipande vitatu. Mtoto wa kwanza achore kichwa kwenye kipande cha juu na kukifunika, akiacha mistari miwili ya shingo ichungulie. Wa pili achore kiwiliwili bila kuona kichwa. Wa tatu achore miguu, au mikia, au magurudumu. Kunjua mbele ya darasa. Kelele utakazosikia zitafika kwa mwalimu mkuu, kwa hiyo mwambie mapema.

Wakati zimwi bado liko ubaoni, uliza yale maswali matatu: linakula nini, linalala wapi, linaogopa nini. Andika majibu yao kwa maneno yao, Kigiriama kikiingia kiandike hivyo hivyo. Bandika picha na maneno kwenye manila, gundi ya unga wa ngano iliyopikwa na maji inatosha, toboa pembeni kwa msumari, funga kwa uzi wa katani. Wekeni jalada la boksi la katoni kwa sababu litashikwa na mikono mingi. Majina ya waliochora yaandikwe nyuma, na kitabu kizunguke, kila jioni kilale nyumbani kwa mtoto mwingine. Ukianza mwezi huu, niandikie uniambie mazimwi ya Kakoneni yanaogopa nini.